Daftari la Dohani

Baba alikuwa mtia makaa
kwenye magarimoshi, enzi za mvuke,
kabla dizeli haijamwondoa mlangoni pa tanuri
ikampa ufagio wa karakana.
Nyusi zake zilibaki nusu.
Nusu nyingine, alisema, nimewaachia reli.

Nyumba yetu ya Kaloleni ina dohani.
Yeye aliiita koo.
"Koo likiziba," alisema, "mwenye koo haombi msaada.
Hulala."

Kila Jumamosi ya kwanza, kabla ya chai:
koti la kazi, tochi,
brashi ya katani kwenye ncha ya mwanzi.
Tulitolewa nje sote na viti vyetu,
tukasikia kwaruza, kwaruza, kimya,
kisha chafya,
kisha Baba akitoka mweusi hadi kwenye meno,
akiitisha sabuni ya kipande
na daftari.

Gesi ilipofika mtaani akaitia kwenye zamu:
povu kwenye kiungo cha mpira,
jicho karibu, pumzi ameibana,
akingoja kipovu kichungulie.
Mama Anyona alisema
mzee anaunyoa mtungi ndevu.
Naye hakuwa mtu wa methali za kumjibu.
Alikuwa mtu wa tochi.

Alipofariki nililikuta daftari chini ya godoro
nikitafuta, kusema kweli, hati ya shamba.
Mistari mia nne na zaidi, mwandiko wa penseli:
Machi, nimekagua. Hakuna kitu.
Aprili, nimekagua. Hakuna kitu.
Mei, ufa mdogo, nimeziba kwa udongo na jivu.
Juni, hakuna kitu.
Nilicheka, na matanga hayajaisha.
Mtu mzima, miaka arobaini,
anaandika hakuna kitu!

Kisha ikaja Julai, ile ya Nairobi,
jua likijificha mawinguni kama mdaiwa,
nguo zikikaa kambani siku nne, bado mbichi.
Nikawasha moto sebuleni,
nikafunga madirisha,
nikasokota gazeti nikaziba chini ya mlango.
Awiti, mjukuu wangu, alikuwa akikariri kwa sauti.
Saba mara sita.
Saba mara sita.
Saba mara
Nilitaka kumkemea kwa uvivu.
Ulimi ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa.
Hapakuwa na harufu,
wala moshi wa kutosha hata kukohoa.
Palikuwa na usingizi tu, mtamu, wenye adabu,
na sauti ya Baba, bila haraka:
hulala.

Siukumbuki mlango. Nakumbuka nyasi baridi mgongoni,
Awiti akitapikia sukumawiki za jirani,
nami nikimshukuru Mungu kwa kila tapiko.

Kesho yake fundi Kilungya alipanda paa
akatoa kiota cha ndege, kikubwa kama sufuria ya harusi,
vijiti, nyuzi za sweta, utepe wa kaseti.
"Mama, hii ilisafishwa lini mara ya mwisho?"
Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa na tarehe.
Oktoba, herufi zikitetemeka,
neno "kitu" likiteremka nje ya mstari.

Nani huja mlangoni na maua
kukupongeza kwa mazishi yasiyofanyika?
Mara mia nne alituokoa tukiwa nje na viti vyetu,
tukilalamika kwamba chai inachelewa.

Jumamosi hii nimevaa koti lake.
Mikono yake inanifunika vidole.
Mpira wa gesi nimeubadilisha, ulikuwa umekauka ukapasuka
kama kisigino.
Awiti anashika tochi, anaichezesha darini, namgombeza.
Kisha nampa penseli.
"Niandike nini, Nyanya?"
Simjibu mara moja.
Nimeinama, pumzi nimeibana,
natazama povu kwenye kiungo
likikauka lenyewe, taratibu,
na hakuna kinachochungulia.